Shajara ya mradi: OpenBSD kwenye mashine ya stesheneri, Nkuhungu

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mashine ni ThinkPad X220, laptop ya mtumba. RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320, betri imekufa kabisa, kwa hiyo inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa dripu. Kazi ninayoitakia ni moja: kufungua flashi za wateja.

Mwenye stesheneri yeyote hapa Dodoma anaijua adha hii. Mwanafunzi anaingia mbio, amebakiwa na dakika kumi za kukabidhi kazi, anachomeka flashi, na ndani mafaili yote yamegeuka shotikati. Ukibofya moja umekwisha. Mashine imeambukizwa, na mteja anayefuata anaondoka na zawadi kwenye flashi yake. Mwaka huu nimeshapigiwa mfumo upya mara tatu na fundi wa kule Sabasaba, na zote tatu nimelipa mimi.

Nikampigia mpwa wangu aliyeko chuoni.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Nipe mfumo ambao hawa virusi wa flashi hawaujui."

Akaanza na Linux, kama walivyo vijana wote. Nikamwambia mashine yenyewe ni ya kuchomekwa uchafu wa mji mzima. Akanyamaza kidogo. "Basi kuna OpenBSD. Lakini mjomba, kule hakuna wa kukushika mkono. Itabidi usome."

Kusoma si tabu kwangu. Tabu ni bando. Dukani natumia intaneti ya simu, na kila MB naihesabu kama mama ntilie anavyohesabu vitumbua.

Jumapili, 3 Novemba

Nimesoma ukoo wake kwanza, maana sipendi kukaribisha mgeni nisiyemjua kwao. Babu ni mfumo wa Unix, aliyezaliwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikamchukua na kumlea kwa namna yake katika miaka ya 1970, ndiyo hiyo BSD. Mwaka 1993 ikatoka NetBSD. Mwaka 1995 Theo de Raadt, anayeishi Calgary, Kanada, akatengana na wenzake wa NetBSD, akaanzisha mji wake: OpenBSD. Linux haimo kwenye damu hii. Iliandikwa upya kuanzia mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki. Ni mtoto wa jirani aliyefanana na ukoo mpaka watu wakaanza kumwita kwa jina lao.

Kumbe OpenSSH, ambayo watu wa seva wanaitumia kila siku kuingia salama kwenye kompyuta za mbali, ilitoka kwa hawa hawa wa OpenBSD mwaka 1999. Na nembo yao ni samaki, Puffy, wa jamaa ya bunju: yule anayejivimbisha akitishwa, na ambaye ukimla vibaya unazikwa. Nimempenda.

Toleo lililopo ni 7.6, limetoka mwezi uliopita. Faili la kuandika kwenye flashi linaitwa install76.img, halifiki GB moja, na ndani yake mna kila kitu cha kuanzia. Hilo ndilo lililonivuta hasa. Nikaliacha lishuke kwa bando la usiku.

Jumanne, 5 Novemba

Limeshuka, lakini bovu. Nimelipima kwenye mashine ya dukani kwa certutil -hashfile install76.img SHA256, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, na herufi zake hazikulingana na zile za kwenye tovuti yao. Nikadhani nimesoma vibaya, nikamwita mwanangu wa darasa la sita anisomee moja moja huku mimi nafuata kwa kidole. Hazilingani. Usiku nimelishusha tena, na asubuhi zimelingana mpaka ya mwisho. Bando lililopotea limepotea, lakini afadhali ya kukuta ubovu katikati ya safari diski ikiwa imeshafutwa.

Flashi nimeiandika kwa Rufus, programu ya Windows ya kazi hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo sijapiga hatua. Nimekaa na hii mashine tangu saa mbili usiku, nikihamisha vitu kwenye diski ya nje. Hesabu za duka za miaka mitatu. Picha za msiba wa baba. Barua za maombi ya kazi za watu ambao wengine wameshaajiriwa na kustaafu. Mama watoto akachungulia mara mbili kuuliza kama bado nahitaji taa. Nimekagua nakala kwa kufungua mafaili kumi na kitu kwenye mashine nyingine, si kwa kutazama ukubwa tu. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa yoyote.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepiga.

F12, nikachagua flashi, kioo kikawa cha bluu chenye maandishi meupe yanayokimbia, kisha mashine ikasimama na kuuliza: unasakinisha, unaboresha, unaiacha ijisakinishe yenyewe, au unataka ganda la amri? Hakuna kipanya wala picha. Ni mashine inauliza, mtu anajibu. Karibu kila swali limeshawekewa jibu kwenye mabano ya mraba, na ukilikubali unabonyeza Enter.

Jina la mashine: nimeandika mbuyu. Nilifikiria zabibu, lakini zabibu zinataka maji na matunzo, nami nataka kitu kinachosimama jua la Dodoma bila kuuliza.

Nywila ya root, yaani mkuu wa mashine: nikaandika, hakuna kilichotokea kwenye kioo. Nikadhani kibodi imekwama kwa vumbi, nikaigeuza na kuipigapiga mgongoni. Haikuwa vumbi. Nywila haionyeshwi hata kwa nyota, na kumbe nilikuwa nimeshaiandika mara mbili na nusu. Nikaanza upya.

Saa za eneo: Africa/Dar_es_Salaam. Makao makuu ni Dodoma, lakini saa bado ya Dar.

Hapo kwenye diski nataka nikae kidogo. Mimi nimezoea diski yenye chumba kimoja kikubwa, au viwili fundi akiwa mkarimu. Huyu nilipomwachia agawe mwenyewe kwa ile herufi A, akajenga nyumba ya kupangisha: mzizi, /tmp, /var, /usr, /usr/X11R6, /usr/local, /usr/src, /usr/obj na /home. Vyumba tisa, na swap (akiba ya RAM) pembeni. Kila kimoja kina herufi yake, isipokuwa c, ambayo ni diski nzima na haiguswi. Nilitaka kubisha, nikaona ni ubishi wa mtu asiyejua. Baadaye nimeelewa. Kila chumba kinaweza kuwekewa masharti yake: hiki programu zisijipe madaraka, kile visikubaliwe vifaa. Na mpangaji mmoja akijaza chumba chake takataka, /tmp kwa mfano, wenzake hawakosi pa kulala.

Kisha nikakwama. Nimesema karibu kila jibu lililowekwa unaweza kulikubali. Kwangu mimi, niliyetumia flashi bila mtandao, yalinipotosha mawili, tena yamefuatana.

La kwanza. Inauliza mafaili ya kusakinisha yako wapi, nikakubali disk. Ikauliza kama diski hiyo tayari imepachikwa, yaani imeunganishwa na mfumo ili isomeke, na jibu lililowekwa ni yes. Nikabonyeza Enter. Ikaniambia folda ya 7.6/amd64 haipo. Nikarudia, haipo. Nikampigia mpwa wangu, hapokei, yuko kanisani. Nikatembea kwenda kununua vocha na kurudi, na njiani ndipo likaniingia: nani kaipachika hiyo flashi? Mimi sijaipachika. Jibu ni no. Nikajibu no, ikauliza ni diski gani, nikasema sd1, jina ambalo mashine imeipa flashi, sehemu a, mafaili yote yakajipanga kioni.

La pili likaja hapo hapo: faili la SHA256.sig halionekani, niendelee bila kuhakiki? Lililowekwa ni no, na ukilikubali unarudishwa nyuma. Lile faili halimo kwenye flashi kwa sababu ya jinsi picha yenyewe inavyotengenezwa. Kwa kuwa nilishaihakiki picha nzima siku ya Jumanne, nikaandika yes kwa moyo mweupe. Asiyehakiki mwanzo hana haki ya kuandika yes hapo.

Kwenye orodha ya mafungu ya mafaili ya kusakinisha nilitaka kuondoa baadhi, nikayaacha yote. Namshukuru Mungu, maana moja linaitwa man76.tgz, na nitaeleza.

Yakajinakili. Mwisho ikasema inaunganisha kiini (moyo wa mfumo) upya kwa ajili ya mashine hii peke yake, ikanipongeza kwa herufi kubwa, nikachomoa flashi. Kutoka swali la kwanza, ukitoa kukwama kwangu, haikufika nusu saa. Miezi niliyotumia kuogopa sihesabu.

Jumatatu, 11 Novemba

Inawaka. Inakuja na madirisha ya kijivu ya fvwm, kama kompyuta ya ofisi ya serikali ya zamani kabisa. Mteja mmoja mzee akaitazama akasema, "Kijana, hii umeitoa stoo?"

Ndani kulikuwa na barua. Kweli, barua: nilipoingia kama root nikaambiwa una barua, nikaandika mail, ikafunguka ya kukaribishwa, mtumaji Theo de Raadt. Najua kila mtu anapata hiyo hiyo. Bado nilikaa kitako nikaisoma yote.

Jumanne, 12 Novemba

Wifi haifanyi kazi. Zamani hapa ningeita fundi. Nimeandika dmesg, na mashine ikanisomea kila kifaa ilichokiona tangu iwake. Kwenye iwn0, ambayo ndiyo kadi ya wifi ya Intel, inasema kosa namba 2, haikuweza kusoma famuwea iitwayo iwn-6005. Kosa namba 2 ni kwamba faili la jina hilo halipo. Yaani kadi ni nzima, draiva ipo, kinachokosekana ni kijifaili ambacho kadi inataka kumezeshwa kila inapowaka. OpenBSD hawakiweki kwenye flashi kwa sababu ya masharti ya leseni ya watengenezaji. Kinashushwa pembeni kwa amri ya fw_update.

Kinashushwa. Kwa intaneti. Ambayo haipo mpaka kishushwe.

Kuku na yai hao niliwatatua kwa waya wa kuchajia simu. Nikachomeka, nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, mashine ikaandika urndis0, jina lake la intaneti ya waya wa simu, yenyewe bila kuombwa. Nikaandika:

ifconfig urndis0 inet autoconf

kisha fw_update, na dakika haikuisha. Halafu nikaandika faili la /etc/hostname.iwn0 lenye mistari miwili:

join stesheneri wpakey nywilayangu
inet autoconf

na sh /etc/netstart iwn0. Ikashika. Mistari miwili tu, nami nimeizoea mitandao inayotaka ubofye mahali saba. Bando lililotumika leo ni kidogo kiasi kwamba jioni nimeangalia salio mara mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Sasa kuhusu man76.tgz. Hiki ni kitabu. Kila amri, kila faili la mpangilio na kila draiva ina ukurasa wake humo humo ndani ya mashine, na unasomeka bila intaneti. Unaandika man halafu jina. Nimezoea kutafuta majibu kwenye video za dakika ishirini ambazo dakika kumi na nne mtu anasalimia. Hapa nimesoma man afterboot, ukurasa wa mambo ya kufanya baada ya kuwasha mara ya kwanza, nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, upepo unavumisha vumbi la Nkuhungu, simu imezimwa kabisa. Mambo madogo nimeyapata humo. Mfano, doas, ambayo inampa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root kwa amri moja, ilikataa ikisema haijawezeshwa, faili la /etc/doas.conf halipo. Sampuli ipo /etc/examples. Nimeinakili na kuibadilisha, imekubali.

Kiswahili hamna humo, ni Kiingereza kitupu. Lakini ni Kiingereza kikavu kisicho na madoido, na ukishaelewa kurasa tano unazielewa mia.

Nimeendesha syspatch kuweka viraka vya marekebisho. Jioni naanza pkg_add firefox, amri ya kushusha na kusakinisha Firefox.

Jumapili, 17 Novemba

Firefox haikuisha. Jana saa moja usiku wingu lilijikusanya upande wa Kizota, radi ya kwanza ya msimu, na umeme ukakatika. Kumbuka mashine haina betri.

Uliporudi nikawasha. Ikaanza kukagua vyumba kimoja kimoja, mzizi salama, /home salama, ilipofika /usr/local ikagoma, ikaandika kwamba ukaguzi wa kujiendesha umeshindwa, na mwisho wa mstari ikaweka neno moja: help! Sijawahi kuombwa msaada na kompyuta. Hata mama watoto alikuja kuona.

Mifumo mingi ya mafaili siku hizi huandika kwanza kwenye shajara yake kile inachotaka kukitenda, ili ikianguka katikati ijue ilifika wapi. FFS ya OpenBSD haina shajara. Ikianguka lazima ikague diski chumba kwa chumba, na kwenye diski ya kuzunguka hiyo ni kazi ya kunywea chai. Kwa nchi yenye umeme wa uhakika huenda hakuna anayejali. Kwetu hii ni kasoro na nitaiita kasoro, pamoja na mapenzi yangu yote kwa huyu bunju.

Dawa ilikuwa fupi. Nikabonyeza Enter nipate ganda la amri, nikaandika fsck -y, ikarekebisha, nikaandika exit, ikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea. Na hapo nikaona faida ya ile nyumba ya vyumba tisa: kilichoumia ni kile kimoja kilichokuwa kinaandikwa. Pkg_check ikanionyesha masalia ya Firefox iliyokatikia njiani, nikayaondoa, nikaanza upya asubuhi, umeme ukiwepo na anga jeupe.

Jumatatu naenda kutafuta betri, hata ya mtumba.

Jumamosi, 23 Novemba

Betri imepatikana, inakaa saa moja na nusu. Yanatosha kuzima kwa adabu.

Hakuna kingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni Jumatano, kutwa nachapa na kudurufu karatasi za wagombea wa mitaa minne, na wote wanataka yao itoke kwanza.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku ya mbuyu kufanya kazi.

Saa nne asubuhi ameingia binti wa chuo, jasho jembamba. "Shikamoo baba. Flashi yangu haina kitu. Jana ilikuwa nayo."

Nikaichomeka kwenye mbuyu. Mashine haikufungua chochote yenyewe, na ndivyo ninavyotaka. Imeandika tu kwamba sd1 imefika. Amri ya disklabel sd1, inayotaja sehemu za diski, ikaonyesha sehemu i, aina MSDOS. Kisha:

doas mount -t msdos /dev/sd1i /mnt
ls /mnt

Yote yamejitokeza. Shotikati kumi na moja zenye majina ya mafaili yake, na kando yake mafaili yenyewe, mazima. Kirusi hakikuwa kimefuta kitu. Kilikuwa kimeyapaka alama ya kufichwa, kikaweka shotikati mbele yake kama dalali mlangoni. Ls haiijui hiyo alama ya kufichwa, inasoma kilichopo na kukitaja. Na programu ya kirusi yenyewe ilikuwa imelala pale pale, faili la exe, haina pa kukimbilia, maana mashine hii haielewi lugha yake.

Binti akainama kwenye kioo. "Baba, hiyo ni proposal yangu?"

"Ndiyo hiyo. Na hii ni nini?"

"Sijui."

"Hicho ndicho kilichokuficha."

Nikanakili mafaili yake kwenda /home, nikayahamishia flashi safi ya duka, nikaipeleka kwenye mashine yenye printa. Printa bado iko kule. Kuileta upande huu kunataka CUPS, programu ya kuchapisha, na jioni moja ambayo sijaipata. Flashi yake nikaifuta na kumrudishia ikiwa na mafaili yake peke yake. Kurasa ishirini na mbili, na baindi. Alitaka kulipia na kusafisha, nikakataa, nikamwambia awaambie wenzake bei ya kuprinti.

Amewaambia. Mchana walifika wanne. Watatu nimewamaliza. Wa nne flashi yake ni ya GB 64, disklabel inaiandika NTFS, mpangilio wa diski za Windows, ila mwenyewe anaapa hajawahi kuigusa tangu itoke dukani. Nimeichunguza: ni exFAT, mpangilio mwingine unaotumia namba ile ile ya aina. Kiini hakiisomi. Nimemwambia arudi kesho saa nne, na sasa hivi nipo kwenye kiti cha plastiki, natafuta kwenye kitabu.